Difu ya LSD na Oili ya Giaboksi: Usimwachie Fundi Aamue Peke Yake



Kila masika yakianza, simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Wenye pikapu za kubeba samaki, wenye Hiace za kwenda mashambani, wenye Land Cruiser za kupeleka bidhaa upande wa Tana Delta, wote huuliza: gari langu lakwama kwenye tope, nimeambiwa nitie LSD, ni kweli yasaidia? Wengine huuliza: fundi asema oili yoyote ya giaboksi ni sawa mradi iwe nzito, ni kweli? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, lakini kwa masharti. Jibu la swali la pili ni la, wala halina masharti.

Mimi nina diploma ya ufundi wa magari na nimeshika spana zaidi ya miaka 20 hapa Pwani. Leo nataka kueleza mambo haya kwa lugha ya nyumbani, maana naona pesa za watu zikipotea na, kibaya zaidi, roho za watu zikiwekwa hatarini.

Difu hufanya kazi gani?

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Hupokea nguvu kutoka kwa propela shafti na kuigawia matairi mawili. Lakini kazi yake iliyo muhimu zaidi ni kuyaruhusu matairi hayo yazunguke kwa kasi tofauti.

Kwa nini kasi tofauti? Chukua gari ambalo matairi yake ya nyuma yameachana kwa mita moja na nusu. Likizunguka raundabauti mara moja kamili, tairi la nje litatembea karibu mita 9 na nusu zaidi ya tairi la ndani. Raundabauti iwe ndogo au kubwa, tofauti ni hiyo hiyo. Lau matairi hayo yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburutwa juu ya lami kila kona.

Ndiyo maana difu ya kawaida ina gia ndogo katikati, zile mafundi huziita spaida, zinazoacha tairi moja litangulie na jingine libaki nyuma. Ni ufundi mzuri sana, lakini una tabia moja: difu ya kawaida huyapa matairi yote mawili nguvu sawa. Haijui kumpa mmoja zaidi.

Tupige hesabu. Tuseme tairi la kushoto liko juu ya tope na haliwezi kushika zaidi ya kilo 20 za nguvu kabla ya kuteleza. La kulia liko pakavu na laweza kushika kilo 200. Kwa kuwa difu hugawa sawa, la kulia nalo litapewa kilo 20 tu. Jumla ni kilo 40, na gari halitoki. Utaona tairi la kushoto lazunguka ovyo likirusha tope, la kulia limesimama kama limefungwa breki. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, anachimba shimo tu.

LSD ni difu ya namna gani?

LSD ni difu ambayo imewekewa kizuizi ili tairi moja lisikimbie peke yake. Bado inaruhusu tofauti kwenye kona, lakini tairi moja likianza kuteleza ovyo, inalishika na kupeleka sehemu ya nguvu upande wa pili. Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1930, Ferdinand Porsche alipokuwa ametengeneza gari la mashindano la Auto Union, nguvu za injini zilikuwa nyingi mno na matairi yakawa yanateleza, ndipo mwaka 1935 kampuni ya ZF ya Ujerumani ikatengeneza difu ya aina hii.

Ziko aina kadhaa, na muuzaji wa spea akikwambia "hii ni LSD" tu, muulize ni ipi.

Ya kwanza ni ya klachi. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopangwa kama za klachi ya pikipiki, zikibanwa na springi. Hii ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye pikapu na magari ya kazi kutoka Japani. Uzuri wake ni kwamba hata tairi moja likiwa hewani, springi bado zinabana na upande wa pili wapata nguvu kiasi. Ubaya wake ni kwamba sahani huisha, kama klachi yoyote.

Ya pili ni ya gia, na ijulikanayo zaidi huitwa Torsen. Haina sahani. Hutumia gia za mshazari zinazojibana zenyewe nguvu ikipita. Hudumu sana. Yaweza kuupa upande wenye mshiko, tuseme, mara tatu ya ule unaoteleza. Katika mfano wetu, tope litashika kilo 20 na pakavu patapata 60, jumla 80. Lakini tairi moja likiwa hewani kabisa, mara tatu ya sifuri ni sifuri. Dawa yake ni kukanyaga breki kidogo huku ukitia mafuta, ili lile tairi la hewani lipate kizuizi.

Ya tatu hutumia majimaji mazito ya silikoni. Hufanya kazi polepole na ikichakaa mara nyingi hubadilishwa nzima.

Halafu kuna loka, yaani difu inayofungwa kabisa kwa swichi, kwa umeme au kwa upepo. Hiyo si LSD. Ikifungwa, matairi mawili huwa kama kitu kimoja: kilo 20 na kilo 200, jumla 220. Kwa tope zito hakuna inayoishinda, lakini ni lazima uifungue kabla ya kurudi kwenye lami.

Kuchomelea difu ni hatari

Kuna mtindo umeenea. Mtu akilalamika gari lakwama, fundi humwambia, "Nitakuchomelea spaida, itakuwa loka." Huchukua mashine ya kuchomelea, huzigandisha zile gia ndogo, na bei yake ni ya chai.

Kijana mmoja anayebeba samaki kutoka upande wa Gazi alinijia na shauri hilo. Aliniambia, "Ami, nimeshakubaliana na fundi. Barafu inayeyuka nikiwa kwenye tope, samaki wananiozea. Nachomelea leo." Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa siku wenda kilomita ngapi tope na ngapi lami?" Akafikiri, akasema tope ni kama kilomita 4, lami ni zaidi ya 50. Nikamwambia, "Basi wataka kuiharibu safari ya kilomita 50 kwa ajili ya kilomita 4."

Difu iliyochomelewa haifunguki tena. Kila kona ya lami tairi moja laburutwa. Matairi yanaisha mapema, haafu shafti zinapindwa kila siku hadi siku moja inakatika, na barabara ikiwa na maji gari hukataa kukata kona, lataka kwenda moja kwa moja. Mbele ya pikapu kuna basi, na nyuma ya pikapu, kwetu sisi, mara nyingi kuna watu wameketi juu ya mzigo. Kwenye Hilux nyingi na Hiace, haafu shafti ndiyo hiyo hiyo inayobeba tairi. Ikikatika upande wa nje, tairi laweza kuondoka nayo. Hapo ndipo "bei ya chai" huwa bei ya jeneza. Rahisi ghali, walisema wazee.

Kijana yule alifunga LSD ya klachi iliyotumika, kutoka gari la aina ile ile. Tope lake bado ni tope, lakini anatoka.

Jua kwanza gari lako lina nini

Magari mengi yetu ya nyumbani, kama Probox, Sienta na Fielder, ya kawaida huvutwa na matairi ya mbele. Difu yake imo ndani ya giaboksi yenyewe. Kuyatia LSD ni kufungua giaboksi nzima, na kwa matumizi ya kawaida sioni faida yake. Nazungumza zaidi na wenye pikapu, Hiace na Land Cruiser, zenye difu ya peke yake nyuma.

Na huenda tayari unayo. Tazama kwenye difu yenyewe karibu na plagi ya kutilia oili. Magari mengi yenye LSD huwa na kibandiko au kibati kinachosema utumie oili ya LSD tu. Kama kimeshafutika, fanya jaribio hili: zuia matairi ya mbele kwa mawe au vigingi, inua matairi yote mawili ya nyuma, uweke gari juu ya stendi imara, tia gia, toa hendibreki, injini ikiwa imezimwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. Difu ya kawaida itazunguka kwa urahisi na tairi la pili litazunguka kinyume. LSD ya klachi iliyo nzima itakuwa ngumu sana kuzungusha. Ikiwa kibandiko kipo lakini tairi lazunguka kirahisi, sahani zimeisha. Torsen haipimwi hivi, maana nayo kwa mkono huzunguka kinyume kama ya kawaida.

Onyo moja, na tafadhali lifikishe kwa vijana wa gereji: gari lenye LSD lisiinuliwe tairi moja la nyuma kisha injini ikawashwa na gia ikatiwa. Tairi lililo chini litapata nguvu na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Aliye chini ya gari hatakuwa na pa kukimbilia.

Kufunga: palipo na kazi ya kweli

Watu hudhani kufunga LSD ni kutoa na kutia. Kutoa ndiko rahisi. Unamwaga oili, unavua matairi na ngoma za breki, unavuta haafu shafti, unatia alama propela shafti kabla ya kuifungua ili irudi vile vile, halafu unachomoa difu kutoka kwenye ekseli. Ni nzito, wawili wasaidiane.

Kazi ya ufundi yaanzia hapo. Kraunwili, ile gia kubwa ya duara, yafunguliwa kutoka kwenye nyumba ya zamani na kufungwa kwenye nyumba ya LSD. Kraunwili na pinioni yake husagwa pamoja kiwandani na ni mume na mke. Usikubali kraunwili ya difu moja ioane na pinioni ya nyingine. Vifuniko vya beringi navyo vitiwe alama ya kushoto na kulia, havibadilishani.

Kisha kuna mchezo wa meno, yaani nafasi ndogo iliyopo kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni. Kwenye difu nyingi za Toyota nafasi hii ni kama milimita 0.13 hadi 0.18. Huo ni unene wa karatasi moja au mbili. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kupima hivyo. Hupimwa kwa geji yenye uso wa saa. Baada ya hapo meno hupakwa rangi na kuzungushwa, ili fundi aone yanagusana katikati au pembeni. Meno yakikaribiana mno yatachemka na kusagika. Yakiachana mno yatagonga. Gari likitoka gereji na difu yalia kama nyuki kwa kasi ya 60 au 80, hiyo si "itazoea". Rudisha siku hiyo hiyo.

Sahani za LSD mpya zilowekwe oili kabla ya kufungwa. Na baada ya kufunga, tafuta kiwanja kitupu, uendeshe polepole ukizunguka mfano wa namba nane, kushoto na kulia, ili sahani zizoeane. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kama kilomita 1,000, maana itakuwa imebeba unga wa sahani.

Kabla ya kununua difu iliyotumika, hakikisha mambo matatu. Idadi ya meno ya haafu shafti ilingane na ya kwako. Uwiano wa difu, yaani idadi ya meno ya kraunwili kugawanywa kwa ya pinioni, ulingane, na kwa gari la magurudumu manne nyuma na mbele ni lazima ziwe sawa, la sivyo zitapigana. Tatu, tumia namba ya ekseli iliyoandikwa kwenye kibati cha gari lako unapoagiza spea. Usiende dukani na maneno ya "ya Hilux" tu, Hilux ni nyingi.

Oili: nzito si jibu

Sasa oili. Kwanza uliza giaboksi ni ya aina gani. Ya otomatiki hutumia oili yake nyepesi ya ATF. Ya CVT, ambayo iko kwenye Fielder nyingi za siku hizi, hutumia oili ya CVT. Ukiitia CVT oili ya giaboksi ya mkono, umeiua. Hapa hakuna "yakaribiana".

Kwa giaboksi ya mkono na difu, kwenye mkebe utaona maandishi mawili ya kuangalia. La kwanza ni GL-4 au GL-5. Hizi si daraja za ubora, kwamba tano ni bora kuliko nne. Ni kazi mbili tofauti. Kwenye difu, pinioni hukaa chini kidogo ya katikati ya kraunwili, kwa hivyo meno huteleza juu ya mengine huku yakibanwa kwa nguvu nyingi. Oili ya kawaida husukumwa nje. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi zinazoacha utando juu ya chuma. Hiyo ndiyo oili ya difu.

Giaboksi ya mkono ina kitu ambacho difu haina: ringi za sinkronaiza, mara nyingi za shaba, ambazo hufanya kazi kwa kushikana. Oili yenye utelezi mwingi huzifanya zisishike, ndipo gia hukwaruza na kuwa ngumu kuingia. Na baadhi ya oili za GL-5 dawa zake hula shaba. Kwa hivyo kiwanda kikiandika GL-4, tia GL-4. Kinyume chake, ukitia GL-4 kwenye difu iliyotaka GL-5, meno yatalika.

La pili ni uzito: 75W-90, 80W-90, 85W-140. Namba yenye W inahusu baridi kali, na sisi Pwani hatuna baridi ya kutusumbua. Namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia, kwani ndiyo uzito wakati oili ina moto. Wengi hushtuka kuona 90 wakidhani ni nzito maradufu ya oili ya injini ya 40. Sivyo. Vipimo vya giaboksi na vya injini ni mizani mbili mbalimbali. 90 ya giaboksi ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini. Kwa pikapu nyingi za hapa, 80W-90 au 75W-90 yatosha. 85W-140 ni ya magari ya mzigo mzito ambayo kiwanda kimeruhusu. Ukiitia kwenye giaboksi ndogo utapata gia ngumu asubuhi na mafuta yataliwa zaidi bila faida.

Na mwenye LSD ya klachi ana sharti moja la ziada: oili yake ya GL-5 iwe imeandikwa kuwa ni ya LSD, au herufi LS. Ina dawa inayozifanya sahani ziteleze kwa utaratibu badala ya kushikana na kuachana. Ukitia ya kawaida, gari litatetemeka na kunguruma nyuma kila kona, na watu watakubadilishia beringi nzima nzima ilhali ubaya ni oili.

Kitabu cha gari lililotoka Japani mara nyingi huwa kimeandikwa Kijapani. Usikate tamaa. Tumia namba ya chesi kutafuta maelezo ya gari hilo, au umpe muuzaji wa spea anayejua kazi yake akutafutie.

Maji ya chumvi na mafuriko

Sisi tuna adui ambaye wa bara hamjui sana. Ekseli ikiwa na moto kisha ikaingia kwenye maji, hewa ndani hujikunja ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio kidogo kilicho juu yake. Kipumulio kikiziba kwa chumvi au tope, maji huvutwa kupitia oili sili, na siku nyingine joto huisukuma oili nje hadi kwenye breki. Kisafishe. Ukivuka mafuriko au ukiingia maji ya bahari, fungua plagi uangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mna maji, imwage siku hiyo, usingoje Jumamosi.

Kabla hujamlipa fundi

Simama pale gari likifanyiwa kazi. Kuuliza si kumdharau fundi, na fundi mwaminifu hakasiriki, maana gari lako ni amana mkononi mwake.

Mwambie afungue plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari halitoki hapo. Tazama sumaku ya plagi: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Mkebe ufunguliwe mbele yako, uwe na muhuri na alama ya KEBS, na usikubali oili iliyomiminwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Gari liwe mahali tambarare, na oili ijazwe mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, si zaidi. Matairi mawili ya ekseli ya LSD yawe saizi moja na yamelika sawa, la sivyo sahani zitafanya kazi mchana kutwa hata barabara iliyonyooka. Na oili chafu ichukuliwe kwenye mtungi, isimwagwe mchangani wala baharini. Samaki tunaobeba ndio hao hao tunaokula.

Mwisho, LSD haikufanyi bingwa. Pikapu tupu yenye LSD kwenye lami yenye maji, ukikanyaga mafuta ghafla, matairi yote mawili huteleza pamoja na mkia huja mbele. Ile ya kawaida huteleza moja tu. Kwa hivyo aliyefunga leo ajifunze gari lake upya, polepole, kabla ya kulipakia abiria.

Mwenyezi Mungu atulinde njiani. Wassalaam.